Nani Mzembe Hapa?

Wanangu, neno "mzembe" mnalisikia kila siku. Umemwaga maziwa: mzembe. Umesahau daftari nyumbani: mzembe. Umefagia nusu ya uwanja ukakimbilia mpira: mzembe vilevile. Neno moja linabebeshwa makosa ya kila namna, na mengine mazuri kabisa ya Kiswahili yamekaa tu, hakuna anayeyatuma. Leo nawahadithia habari za nahodha aliyekataa kulitamka neno hilo kuanzia maji yalipopwa mpaka yalipoanza kujaa tena, ingawa alikuwa na kila sababu ya kupiga kelele. Hadithi yenyewe ni ya kutunga, lakini bahari yake ni ya kweli, kazi zake ni za kweli, na maneno yake yamo midomoni mwa watu wa kwenu.

Jahazi lake lilitoka Kilindoni, kisiwani Mafia, msimu wa kusi, likiwa na magunia ya mbata ya kupeleka Dar es Salaam. Mbata ni nazi iliyokaushwa, na ikishanyweshwa maji ya chumvi hupati mnunuzi. Kusi ni upepo wa kutoka kusini, huvuma kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, na mtu anayetoka Mafia kwenda Dar es Salaam humsukuma mgongoni. Safari ilitazamiwa kuwa nyepesi. Usiku walivuka maji yaliyo kati ya kisiwa na delta ya Rufiji. Alfajiri, walipokuwa mbele ya Kisiju, maji yalikwishafika kwenye magunia ya chini.

Nahodha hakusema kitu. Aligeuza usukani, akalipandisha jahazi kwenye fungu la mchanga maji yakiwa yamejaa, akangoja yapwe. Zilikuwa siku za bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana. Kufika saa tano asubuhi chombo kilikuwa kimepwelewa, kimelala ubavu mchangani, na mabaharia wakaweza kukizunguka kwa miguu. Ubavuni, kati ya ubao na ubao, wakaiona kasoro: pamba ya kalafati imechomoka, na upenyo uliobaki unaingiza kidole.

Serahangi, ambaye chomboni ndiye wa pili kwa nahodha, akapandisha sauti. "Nahodha, huu ni uzembe! Hapa wote ni wazembe!"

"Wote?" akauliza Nahodha. "Basi wote niwape adhabu moja. Na wewe umo. Uko tayari?"

Serahangi akanyamaza.

"Kama hauko tayari, tuulizane mmoja mmoja. Kila mtu aondoke na neno lake."

Wa kwanza alikuwa fundi wa kalafati. Ilitokea kwamba naye yumo safarini, amepewa lifti akamtazame binti yake mjini. Mabaharia wakamzunguka. Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana bila kuijua hamtaelewa kosa lake. Mbao za jahazi hazishikani kama sakafu ya saruji; kati yake pana nyufa. Fundi husokota pamba, huiloweka mafuta, kisha huishindilia katika ufa kwa patasi na nyundo, kidogo kidogo, mpaka ikae. Ubao ukilowa huvimba, huibana ile pamba, na maji hayapiti. Baadaye chini ya chombo hupakwa deheni, ambayo ni mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Pamba isiposhindiliwa sawasawa, deheni inaficha kosa. Kwa macho yako utaona kazi imekamilika.

"Nilitia kalafati, Nahodha," fundi akasema. "Labda mkono umezeeka."

Nahodha akamshika mkono, akamzungusha mpaka ubavu wa pili, akampa kisu. "Ichomoe pamba hii."

Fundi akajaribu. Haikutoka hata uzi.

"Hii ilitiwa na nani?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumatano, Nahodha."

"Na ile iliyochomoka?"

Fundi akatazama chini. "Alhamisi jioni. Nilitaka nimalize kabla ya Ijumaa."

"Basi mkono wako haujazeeka. Ulilipua."

Hapo ndipo nawaomba mtulie kidogo, maana watu wengi huchanganya kulipua na kuboronga. Anayeboronga hajui. Mwanafunzi wa ushonaji akishona shati mkono mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine, ameboronga. Wengine husema amevurunda. Uwezo wake uliishia pale. Anayelipua anajua vizuri kabisa namna ya kufanya, ila anataka kazi iondoke mikononi mwake. Anafanya ili aonekane amefanya. Mazoezi kumi ya hesabu yaliyoandikwa katika dakika tano asubuhi, mwandiko umelala, hatua zimerukwa, yamelipuliwa. Na tofauti hii ina kazi. Aliyeboronga mkalishe umfundishe. Aliyelipua ukimfundisha unapoteza muda wako na wake. Huyo mwambie arudie.

Nahodha hakumfundisha fundi kitu. Alimwambia, "Una saa chache kabla ya maji kurudi. Toa pamba yote ya Alhamisi."

Akamgeukia Serahangi.

Kabla hajasema neno, baharia mmoja mzee, ambaye muda wote alikuwa amechuchumaa kivulini mwa jahazi, akakohoa. "Mimi nilimwambia," akasema. "Tuko bado Kilindoni. Nilimwambia, mwanangu, ufa ule unatoa unyevu, mwite fundi autazame."

"Sikujua kama ni jambo kubwa," Serahangi akajitetea.

"Ulisikia au hukusikia?" Nahodha akauliza.

"Nilisikia."

"Basi usiseme hukujua. Ulipuuza."

Kupuuza hakuwezekani gizani. Lazima kwanza kitu kikufikie: onyo, ushauri, dalili, kengele, kibao cha barabarani. Ukishakiona au kukisikia, ukakipima kichwani, ukaamua kwamba hakina uzito, hapo umepuuza. Ndiyo maana kitenzi hiki hutaka kitu cha kupuuzwa. Ukiniambia "Fulani amepuuza," nitakuuliza papo hapo: amepuuza nini? Usiponijibu, shtaka lako halijakamilika. Mtoto aliyekanyaga sakafu iliyokuwa imetoka kupigwa deki bila kujua hakupuuza chochote. Yule aliyeambiwa, akaitikia "ndiyo mama," kisha akapita, yeye amepuuza. Sakafu imechafuka vilevile, lakini makosa ni mawili.

Nilidhani mambo yangeishia hapo, lakini mzee akainuka. Alikuwa na swali lake mwenyewe, na kwa maoni yangu ndilo swali zito kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

"Mwanangu," akamwambia Serahangi, "nataka kujua. Ulilipuuza neno langu, au ulinidharau mimi?"

Serahangi alikaa kimya muda mrefu. Angeweza kudanganya. "Mzee wangu," akasema mwishowe, "angeniambia fundi, ningekwenda kutazama. Wewe nilikuona umezeeka, unaona maji kila mahali."

"Haya," akasema mzee. "Hiyo ni dharau."

Kupuuza ni juu ya neno, dharau ni juu ya mtu. Unaweza kupuuza ushauri wa mtu unayemheshimu sana. Baba anamwambia babu, "Nitavaa sweta baadaye," na heshima iko palepale. Dharau huanza kabla ushauri haujatolewa. Mtu amekwisha kuamua kwamba kinywa kile hakitoi la maana, na lolote litakalotoka humo atalitupa bila kulipima. Ndiyo maana tiba ya kupuuza ni kutazama tena lile jambo, ilhali tiba ya dharau ni kumwomba mtu radhi. Serahangi alipiga goti mchangani, akasema, "Nisamehe, mzee wangu." Mzee akamgusa begani, akarudi kuchuchumaa.

Kisha akaitwa kijana.

Huyu alikuwa mwanagenzi, safari zake za kuhesabika. Usiku ule alikuwa amepewa zamu ya kuangalia ngama. Ngama ndiyo chini kabisa ndani ya chombo, mahali ambapo maji ya kuvuja hujikusanya. Kila chombo cha mbao huvuja kidogo, hilo si ajabu. Kazi ya mwenye zamu ni kushuka kila mara, kutazama maji yamepanda kiasi gani, na kuyateka kwa ndoo kuyarudisha baharini. Usiku ule hayakutekwa.

"Nilipitiwa na usingizi," kijana akasema, na machozi yanamlenga.

Mabaharia wakaguna. Mmoja akasema kwamba kila mvivu hupitiwa. Nahodha akainua mkono wanyamaze, akaanza kumuuliza.

"Ulilala wapi?"

"Nilikaa, Nahodha. Niliegemea mlingoti."

"Ulitandika kitu?"

"Hapana."

"Ulijifunika?"

"Hapana."

"Mchana wa jana ulikuwa unafanya nini?"

Hapo kijana hakujibu. Mzee akamjibia. "Alipakia magunia tangu asubuhi. Tulipong'oa nanga, karani akamtuma apange mizigo. Hakukaa."

"Basi ni kweli alipitiwa," Nahodha akasema.

Litazameni neno lenyewe. Usingizi ndio uliopita, yeye alipitiwa. Kiswahili hapa kimemweka mtu mahali pa kutendwa. Hakufanya kitu, ila kuna kitu kimemfanya. Ni hivyo hivyo unaposema "nimepitiwa" ukiwa na maana ya kusahau: jambo lilikuwa kichwani, likapita, hukuliona likipita. Neno lake la karibu ni kughafilika, ambalo wazee hulipenda na wahubiri misikitini hulitumia sana, kwa mtu ambaye moyo wake umeshughulishwa na jambo moja mpaka la maana zaidi likamtoka. Kuzubaa ni jirani yao, lakini yeye ana aibu kidogo: aliyezubaa macho yako wazi, anatazama, haoni. Mtoto aliyetumwa dukani akasimama kutazama mafundi wakivuta nyaya za umeme mpaka chenji ikamwanguka mkononi, alizubaa.

Sasa, kwa sababu kupitiwa kunamtoa mtu hatiani, watu hulikimbilia. Ndiyo sababu ya maswali yale ya Nahodha. Mtu aliyetandika mkeka, akaweka mto, akajifunika shuka wakati wa zamu, hakupitiwa na usingizi. Aliukaribisha. Na mtu anayesahau jambo lilelile kila wiki hawezi kusema kila wiki kwamba amepitiwa. Mara ya kwanza nitakuamini, hata ya pili. Baada ya hapo nitakuuliza kwa nini hukuliandika.

Nahodha hakumwadhibu kijana. Alimwagiza karani asimpangie tena zamu ya usiku mtu aliyepakia mizigo mchana kutwa.

Na karani naye akaulizwa. Ilibainika kwamba magunia yaliyokuwamo yalizidi kiasi walichoafikiana, maana karani alikuwa amekubali mizigo ya dakika za mwisho kwa malipo ya pembeni. Hilo lina jina lake, tamaa, na halihitaji maelezo marefu. Lakini Nahodha alikuwa na swali jingine. "Magunia ya chini yalipoanza kulowa, ulikuwa umekaa juu yake. Hukuhisi?"

"Nilihisi," karani akajibu kwa utulivu. "Mbata si zangu, Nahodha. Na chombo si changu."

Mabaharia waliokuwa wakicheka walikoma. Aliyelipua alitaka kazi iishe. Aliyepuuza alikosea kupima. Kijana alichoka. Huyu aliyaona maji, akajua maana yake, na moyo wake haukusogea. Neno lake ni kutojali. Mimi nalihesabu kuwa baya kuliko yote yaliyotajwa mpaka sasa, kwa sababu mengine yote unaweza kuyapangia utaratibu wa kuyazuia, na hili huwezi. Utaweka zamu, utaweka orodha, utaweka fundi wa kumkagua fundi. Mtu asiyejali atapita katikati ya taratibu zote hizo akitazama pembeni.

Tena angalieni namna kitenzi hiki kinavyogeuka. Rafiki yako amekuvunjia kalamu, anahangaika kuomba msamaha, wewe unamwambia "usijali." Hapo unampooza, unamwambia aondoe wasiwasi. Lakini ukimwambia "hujali," umemshtaki. Herufi chache tu zimebadilika, na moja ni faraja, nyingine ni jeraha. Na ukisikia mtu anasema "shauri yako" au "potelea mbali," sikiliza sauti yake. Bibi anaposema "shauri yako" baada ya kukuonya mara tatu usipande mti wenye matawi makavu, bado anajali, ndiyo maana hajaondoka pale chini ya mti. Karani wetu angesema neno hilohilo huku akitembea kwenda zake.

Mpishi alikuwa na kosa dogo lililoleta hasara kubwa. Alishuka alfajiri kuchukua kuni, akakanyaga maji mahali ambapo hapakuwa na maji jana yake, akajiambia, "Nitawaambia nikishachemsha chai." Akachemsha chai. Kisha akaona aandae na vikombe. Hakupuuza, maana alijua ni jambo zito. Hakukosa kujali, maana moyo ulikuwa unamdunda. Aliahirisha tu, kidogo, halafu kidogo tena. Hiyo ni ajizi. Wahenga waliiita nyumba ya njaa, nadhani kwa sababu mkulima mwenye ajizi hakosi kulima, ila hulima mvua zikiwa zimekwisha kupita.

Halafu palikuwa na baharia mmoja mwenye nguvu nyingi. Aliposikia kelele za "maji! maji!" alirukia chini, akanyakua gunia la kwanza na kulitupa baharini, akalitupa la pili, na la tatu likaipiga ile ndoo ya kutekea maji ikapasuka. Ndoo zilikuwa mbili. Baada ya hapo chombo kizima kikabaki na moja. Akili yake ilikuwa nzuri, nia yake ilikuwa nzuri, na mwili wake ulitangulia vyote viwili. Mwite mwenye papara. Msimchanganye na mwenye pupa. Papara ni haraka ya mtu aliyeshtuka, pupa ni haraka ya mtu anayetamani. Anayekula wali wa moto akaungua ulimi kwa sababu ndugu zake nao wanakula, ana pupa. Anayekimbia kutoka bafuni kwa sababu amesikia king'ora, akateleza kwenye sabuni, ana papara. Maneno haya mawili yanafanana midomoni, na mwisho wake huwa ni kuvunja kitu.

Wakati Nahodha anaulizana na watu wake, mzee alikuwa amepanda jahazini kutafuta kamba ya kuteremshia vifaa. Alikaa huko muda. Kamba zilikuwa zimefungamana na nyavu, nyavu na makuti, sufuria juu ya tanga, na patasi ya fundi ilipatikana ndani ya gunia la mchele. "Mambo humu ni shaghalabaghala," akapiga kelele kutoka juu. Neno hilo zuri sana, refu na limejikunja lenyewe kwa lenyewe, ni la vitu, si la mtu. Chumba kinaweza kuwa shaghalabaghala, kabati nalo, hata mkutano. Mtu huitwa wa ovyo, au wa hovyo kama wasemavyo wengi Tanzania. Na kiholela tena ni jambo jingine: nyumba zilizojengwa kiholela zinaweza kuwa safi na imara kila moja peke yake, lakini zimewekwa bila mpango wala kibali, gari la zimamoto halina pa kupita.

Basi wote wakawa wamepata maneno yao. Serahangi, ambaye sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, akauliza, "Nahodha, mbona neno nililolianza mimi hukumpa mtu?"

"Nilikuwa nimeliweka," Nahodha akasema. "Ni langu."

Wakamtazama.

"Fundi kazi yake kutia kalafati. Wewe kazi yako mabaharia. Kijana kazi yake ngama. Kukikagua chombo kabla ya kung'oa nanga ni kazi ya nani? Ni ya nahodha. Kuhesabu magunia yaliyoingia, kazi ya nani? Karani ahesabu, nahodha ahakikishe. Mimi Kilindoni nilikuwa nimekaa barazani na mwenye mbata, tunakunywa kahawa. Hakuna aliyenionya nikapuuza, sikusinzia, sikuwa na haraka. Nilikuwa na wajibu, nilikuwa na nafasi, na sikuutimiza. Uzembe ndio huo."

Kwa hiyo neno hili ambalo tunalirusha kama mchanga lina sharti: lazima pawepo wajibu. Mpita njia aliyeiona taa ya barabarani imeungua akaenda zake, hawezi kuwa mzembe wa taa ile. Fundi wa manispaa aliyepewa mtaa ule auangalie ndiye anayeweza kuwa. Ndiyo maana utalisikia neno hili mahakamani na kwa askari wa usalama barabarani, "kuendesha gari kwa uzembe," maana kila aliyeshika usukani amepewa wajibu kwa watu wote walioko barabarani, akiwajua asiwajue. Ukihama kidogo ukasikiliza taarifa za habari za Kenya, utakuta mtangazaji akisema "utepetevu" mahali ambapo mwenzake wa Dar es Salaam angesema "uzembe": utepetevu wa maofisa, utepetevu kazini. Mimi hulisikia neno hilo kwa namna yake. Kutepeta ni kulegea, kukosa nguvu ya kusimama. Mtepetevu namwona amelegea kila mahali, nyumbani na kazini, lakini mzembe anaweza kuwa hodari sana wa mambo mengine, ila hili lililokuwa lake kaliacha.

Yaliyofuata pale Kisiju yalikwenda upesi. Fundi akaichomoa pamba ya Alhamisi yote, kijana akamshikia mafuta, mabaharia wakashusha magunia ya chini na kutenganisha mbata zilizolowa na zilizo kavu. Mpishi, bila kuambiwa, akawa anapaza sauti kila maji yaliposogea. Bahari ilipofika kwenye mkuku kalafati ilikuwa imekwisha, na jioni chombo kikaelea. Nahodha alilipa hasara ya mbata kutoka katika fungu lake mwenyewe. Karani aliteremka Dar es Salaam na hakurudi naye tena. Hadithi yangu imekomea hapo.

Lakini iko nyingine ambayo si ya kutunga, na wakubwa wengi huwaficha watoto. Mimi naona mnastahili kuijua.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya abiria MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuchukua abiria wengine. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokuwamo walizidi mno, na wale wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, kwa hiyo hata kuwahesabu waliopotea kulikuwa kazi ngumu. Walikufa mamia kwa mamia. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa, na pale Igoma, Mwanza, yako makaburi ya pamoja ya watu wa meli ile.

Msiba ule ulipozungumzwa, neno lililosikika kila mahali lilikuwa uzembe. Kwa upande mmoja lilistahili kabisa. Mtu mwenye kazi ya kuhesabu abiria, akiwa na namba 430 mbele yake, akaacha watu waendelee kupanda, hawezi kusema alipitiwa. Namba haipiti kama usingizi. Pale palikuwa na wajibu, na wajibu uliachwa.

Lakini siku ile ilikuwa na tukio la pili. Meli ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilielea chini juu, na waliofika kuokoa wakasikia watu wakigonga kutoka ndani. Wakaamua kutoboa bati la meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imenaswa humo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiifanya meli ielee, ikatoka kwa tundu lile, na meli ikaenda chini pamoja na waliokuwa wakigonga.

Nimewasikia watu wakiwatia hawa nao katika kapu la uzembe, na kila mara inaniuma. Tuwaulize kama Nahodha alivyouliza. Walilipua? Hapana, walifanya kwa nguvu zao zote. Walipuuza? Kile walichokisikia, yaani mikono inayogonga, ndicho walichokijibu. Hawakujali? Walikuwa juu ya meli iliyopinduka, katikati ya maji, kwa ajili ya watu wasiowajua. Mtu anaweza kusema papara, nami sitabisha sana, ingawa nani angesimama atulie akisikia kugonga kule chini ya miguu yake? Walichokosa ni kujua kwamba hewa ndiyo iliyoishikilia meli. Kutojua hakuna adhabu yake, kuna swali lake: ni nani aliyetakiwa awe amewafundisha watu wa ziwa lile namna ya kuokoa watu walionaswa ndani ya meli, na alitakiwa afanye hivyo lini? Mwenye jibu la swali hilo ndiye wa kumpelekea neno uzembe, yeye pamoja na wale wa gatini waliokuwa na kazi ya kuhesabu.